Kampuni kubwa inanipa fedha zaidi, ndogo inaniachia leso zangu: nisaini wapi?

Swali: "Shikamoo mshauri. Nina miaka 29, nilizaliwa Likoni, Mombasa, na nimekulia Leicester, Uingereza. Nimepigana mieleka ya kulipwa kwa miaka minane katika kumbi ndogo za Uingereza na Ujerumani. Mhusika wangu ni mwanamke wa Pwani anayeingia ulingoni amejifunga leso (kanga), na kila pambano nachagua leso ambayo jina lake linamjibu mpinzani wangu. Watu wameizoea, na wengine huja wakisubiri kuambiwa leso ya siku hiyo inasemaje. Sasa nina mikataba miwili mezani. Wa kwanza ni wa kampuni kubwa ya Marekani: dola 120,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu, nihamie Florida, na wamesema jina na mhusika watanitafutia wao. Wanaweza kuuvunja kwa notisi ya siku 90, lakini wakala wangu anasema hicho ni kifungu cha kawaida. Wa pili ni wa kampuni changa, nayo ya Marekani, yenye kipindi cha runinga: dola 65,000 kwa mwaka kwa miaka miwili, ndege na hoteli juu yao, nibaki Leicester, nipigane kwingine wasipokuwa na onyesho, na mpanga mapambano wao, anayeamua nani ashinde, ameniahidi kwamba nitaendelea na leso zangu na nitatwaa mkanda wa ubingwa kabla mwaka haujaisha. Namsaidia mama kila mwezi na namsomesha mdogo wangu chuo. Niliwahi kupasuliwa goti. Wenzangu wananiambia nikiikataa kampuni kubwa sasa haitanirudia tena. Naogopa kuchagua fedha nikapoteza nilichokijenga, na naogopa kuchagua ubunifu nikabaki sina kitu. Nifanye nini?"

Marahaba, dada yangu. Kazi yangu ni kusoma mikataba ya wanamichezo na wasanii wa jukwaani, na barua yako nimeirudia mara tatu kwa sababu umeandika mambo ambayo wengi huyaficha: kwamba kuna mama anayesubiri fedha mwisho wa mwezi, kwamba kuna goti lililokwisha kupasuliwa, na kwamba leso zako si pambo bali ndizo kazi yenyewe. Hofu yako ina pande mbili na zote mbili ni za haki. Hata hivyo naomba kwanza tulipange swali upya, maana umeuweka mkataba mmoja upande wa fedha na mwingine upande wa ubunifu, ilhali karatasi zote mbili zinazungumzia fedha na zote mbili zinazungumzia ubunifu. Cha kutazama ni jambo gani limeandikwa kwa namna ambayo kampuni haiwezi kulirudisha nyuma, na jambo gani linategemea nia njema ya mtu aliyeketi ofisini leo.

Tuanze na fedha. Umesoma dola 120,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu, na kichwani mwako, kama ingekuwa kichwani mwa mtu yeyote, imekuja hesabu ya dola 360,000. Mkataba wako hausemi hivyo. Mkataba ambao kampuni inaweza kuuvunja wakati wowote kwa notisi ya siku 90 ni mkataba wa siku 90 unaojiongezea siku moja kila kukicha, mpaka kampuni itakapoamua kwamba imetosha. Ukigawa 120,000 kwa siku 365 kisha ukazidisha kwa 90 unapata takriban dola 29,600, na hicho ndicho kiasi pekee ulichohakikishiwa siku ya kusaini. Wakala wako yuko sahihi kwamba kifungu hicho ni cha kawaida. Amekosea kudhani kwamba kwa kuwa ni cha kawaida basi hakina uzito. Kumbuka pia kwamba wakala hulipwa kwa asilimia, na asilimia ya 120,000 ni kubwa kuliko asilimia ya 65,000. Simtuhumu kwa lolote, ila ushauri wake upokee ukijua hilo.

Mfano ulio wazi ni wa Luke Gallows na Karl Anderson, ambao mwaka 2019 walisaini upya na WWE, kampuni kubwa kuliko zote za mieleka Marekani, mikataba ya miaka kadhaa, wakati kampuni mpya ya AEW ilikuwa imeingia sokoni na wanamieleka wazoefu wakigombaniwa. Tarehe 15 Aprili 2020, baada ya korona kufunga kumbi, wote wawili walikuwamo katika orodha ndefu ya walioachwa siku hiyo moja. Hawakuwa wamekosa nidhamu wala hawakuwa wameshuka kiwango. Kampuni ilitaka kupunguza gharama na mkataba uliiruhusu. Katika siku hizo 90 mtu huendelea kulipwa, lakini kwa kawaida haruhusiwi kupigana kwingine, kwa hiyo anakaa nyumbani huku jina lake likipoa.

Ubaya wa pili ni kwamba mlango huo hufunguka upande mmoja tu. Kampuni inaweza kukuacha kwa siku 90, lakini wewe ukitaka kuondoka kwa kawaida huna haki kama hiyo. Luke Harper, mwanamieleka mkubwa aliyeheshimiwa na wenzake kwa kipaji chake, aliomba hadharani kuachiwa na WWE mwezi Aprili 2019 kwa sababu hakuwa akitumiwa. Hakuachiwa mpaka Desemba. Alipohamia AEW mwaka uliofuata kwa jina la Brodie Lee alipewa kundi la kuliongoza na akatwaa mkanda mwezi Agosti, na tarehe 26 Desemba 2020 akafariki dunia akiwa na miaka 41. Kila nikiifikiria ile miezi aliyowekwa nje mwaka 2019 naumia, maana mwaka wake mzuri ulikuwa mmoja tu. Nakueleza haya si kwa kukutisha bali kwa sababu watu hulizungumzia neno "uhakika" kana kwamba ni zawadi, wakasahau kwamba mkataba humshika mwanamieleka kwa nguvu kuliko unavyoishika kampuni.

Mkataba wa pili hukusema kama una kifungu cha namna hiyo, na hilo ndilo swali la kwanza utakalomuuliza wakili. Kama kampuni changa haiwezi kukuacha ndani ya miaka miwili isipokuwa kwa kosa kubwa lililotajwa, basi fedha yako ya uhakika huko ni dola 130,000, dhidi ya 29,600 za kampuni kubwa, na mkataba unaoogopa kwamba utakuacha huna kitu ndio ulio imara zaidi. Kama nao una siku 90, basi umehakikishiwa takriban dola 16,000 tu, na mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Huenda pia malipo ya kampuni kubwa unayaita "mshahara", na ningependa uliache neno hilo kwa sasa. Desturi ya miaka mingi katika mieleka ya Marekani ni kwamba mwanamieleka si mwajiriwa bali ni mkandarasi anayejitegemea, hata kama kampuni ndiyo inayompangia siku, jina, nguo na maneno ya kusema. Mwaka 2008 wanamieleka watatu wa zamani waliishtaki WWE kuhusu suala hilo na kesi yao ikatupwa. Maana yake kwako ni ya kila siku. Mtu aliyejiajiri, akishakuwa mkazi wa kikodi wa Marekani, kwa kawaida hutoa mwenyewe mchango wa asilimia 15.3 wa hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni, ambao mwajiriwa hugawana na mwajiri wake, na hapo kodi ya mapato bado haijaguswa. Florida haitozi kodi ya mapato ya jimbo, na hiyo ni nafuu ya kweli, lakini majimbo mengine utakayopigana yanaweza kukudai sehemu yao. Tuseme wakala anachukua asilimia 10, yaani 12,000, na tuseme gari, hoteli na chakula cha safari vinakula 15,000 kwa mwaka, kwa kuwa katika mkataba wa kwanza hukutaja kwamba wanavilipia. Umebaki na 93,000. Toa mchango wa kujiajiri, unakaribia 80,000, kisha ndipo kodi ya mapato, kodi ya nyumba Orlando au Tampa, na bima ya afya. Fedha za kampuni changa nazo zitakatwa wakala na kodi, lakini ndege na hoteli zimeshalipwa, nyumba ya Leicester unayo, na una ruhusa ya kujiongezea mapato mwishoni mwa wiki. Pengo bado lipo. Si lile la mara mbili uliloliona mwanzoni.

Kuhusu bima, usipite haraka. Kampuni kubwa za mieleka kwa kawaida hulipia matibabu ya majeraha ya ulingoni, lakini malaria uliyorudi nayo kutoka Likoni, jino, au ujauzito ni juu yako. Ukibaki Leicester una NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza. Ukihamia Florida huna, na viza yako itakuwa imefungwa kwa kampuni iliyokudhamini, kwa hiyo siku ya kuachwa unaweza kujikuta unatakiwa kuondoka nchini huku mkataba wa nyumba ya kupanga ukiendelea kukudai.

Sasa nije kwenye ubunifu, ambako naona umeelewa nusu ya jambo. Nafasi ya ubunifu katika mieleka hutoka katika dakika za runinga. Onyesho la saa mbili, ukitoa matangazo, utambulisho wa wapiganaji na marudio, linabakiwa na muda mdogo sana kwa wanamieleka wengi wanaolipwa, na anayegawa muda huo ni mpanga mapambano au jopo la waandishi lililo chini ya mkuu mmoja. Wao wanaamua nani steringi na nani adui, nani azungumze na nani anyamaze. Mkuu huyo akibadilika, kila ahadi aliyoitoa huondoka naye. Pale WCW, kampuni iliyokuwa ikishindana na WWE, mkuu wake Eric Bischoff aliondolewa Septemba 1999, na mwezi uliofuata programu ikawa mikononi mwa watu wengine wenye mawazo mengine. WWE nayo ilibadili mkuu wa ubunifu Julai 2022, Vince McMahon alipomwachia Triple H. Waliokuwa wanapendwa waliachwa kando na waliokuwa pembeni wakaitwa. Kwa hiyo yule mpanga mapambano aliyekuahidi mkanda, hata akiwa mkweli kabisa, amekuahidi kitu ambacho huenda kesho hakitakuwa chake.

Kuna mtu mmoja ambaye habari zake ningependa uzijue vizuri, kwa sababu alipita katika njia zako zote mbili. Bret Hart wa Kanada, mwaka 1996, alitakiwa na WCW kwa mamilioni ya dola kwa mwaka. Alikataa, akasaini na WWF (jina la zamani la WWE) mkataba wa miaka 20, kwa sababu pale ndipo alipojengwa na ndipo alipoheshimiwa. Mwaka uliofuata McMahon akamwambia kwamba kampuni haiwezi tena kubeba gharama ya mkataba huo, na kwamba aongee na WCW. Hart alikuwa bingwa, na mkataba wake ulikuwa na kifungu kilichompa kauli ya ubunifu katika siku 30 za mwisho, kwa hiyo alikuwa na haki ya kukubaliana nao namna atakavyouachia mkanda. Tarehe 9 Novemba 1997, Montreal, mbele ya watu wa nchi yake, kengele iligongwa kwa amri ya McMahon wakati Hart yumo katika mshiko wa Shawn Michaels, bila yeye kukubali kushindwa, na mkanda ukaenda. Alikuwa na kifungu kilichoandikwa, na bado alizungukwa.

Baada ya hapo akaenda WCW kwenye zile fedha kubwa, na huko ndiko kulikokuwa na huzuni ya pili. Walimlipa vizuri sana na hawakujua la kumfanyia. Mtu aliyekuwa anajaza kumbi alizungushwa kutoka hadithi moja hadi nyingine isiyo na kichwa, mpaka Desemba 1999 alipopigwa teke la kichwa na Goldberg, akapata mtikisiko wa ubongo, na kazi yake ya kudumu ikaishia hapo. Watu wengi huisimulia Montreal kama kisa cha usaliti na kuishia hapo. Mimi huwa nawaambia wateja wangu wasome pia ile miaka miwili iliyofuata, kwa sababu inaonyesha kwamba mwanamieleka anayelipwa vizuri bila kazi yenye maana huendelea kuangushwa mgongoni vilevile, na shingo haijui kwamba pambano la leo halikuwa na maana yoyote.

Hapo ndipo leso zinapoingia. Nadhani hujajua thamani ya ulichonacho, na ndiyo maana unakiita "ubunifu" kana kwamba ni starehe. Mwanamke anayesimama ulingoni mbele ya mpinzani anayejisifu kwa ukali, akaifungua leso iliyoandikwa "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", amefanya kwa sekunde tano kazi ambayo jopo la waandishi huifanyia vikao. Amemtambulisha adui, amejitambulisha yeye, na amewapa watazamaji sababu ya kukaa. Kampuni kubwa imekwambia itakutafutia mhusika. Inaweza kukupatia mzuri. Mick Foley aliingia WWF mwaka 1996 akavikwa kinyago cha ngozi kwa sababu wakuu hawakuupenda uso wake, na mhusika huyo, Mankind, akawa bingwa na kipenzi cha mamilioni. Lakini Kofi Kingston, aliyezaliwa Ghana, alipotokea katika runinga ya WWE mwaka 2008 alitambulishwa kama Mjamaika, akazungumza kwa lafudhi ya Jamaika, na ikachukua zaidi ya mwaka mmoja jambo hilo kuachwa. Alivumilia, akabaki, na tarehe 7 Aprili 2019 akatwaa ubingwa wa WWE, Mwafrika wa kwanza kuzaliwa barani kuufikia. Miaka kumi na moja ya subira ilimlipa. Nawe jiulize kwa ukweli kama goti lako lina miaka kumi na moja.

Lililo zito zaidi ni umiliki. Mikataba ya kampuni kubwa kwa kawaida husema kwamba jina na mhusika vilivyotungwa ndani ya mkataba ni mali ya kampuni, na ukitoka unaviacha. Majina ya leso hayawezi kuwa mali ya mtu, yako au yao, kwa kuwa ni urithi wa watu wote wa Pwani, lakini jina lako la ulingoni, nembo, na namna unavyoitumia leso kama sehemu ya onyesho ni vitu vinavyoweza kuandikwa katika kiambatisho cha kazi ulizokuwa nazo kabla ya mkataba. Usipoviorodhesha, unaweza kwenda Florida ukavitumia mwezi mmoja tu na kisha ukazuiwa kuvitumia maisha yako yote.

Wenzako wanaosema kwamba mlango ukifungwa haufunguki tena hawajatazama historia ya karibuni. Cody Rhodes aliomba kuachiwa na WWE mwezi Mei 2016, akiwa amechoka kupakwa rangi usoni na kuitwa Stardust, na akasema hadharani kwamba mapendekezo yake ya muda mrefu hayakusikilizwa. Alizunguka kumbi ndogo, akaenda Japani, na tarehe 1 Septemba 2018, yeye na wenzake wakaandaa onyesho lao karibu na Chicago lililojaza watu zaidi ya 10,000, jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani bila kampuni kubwa. Aliporudi WWE Aprili 2022 alirudi na jina, wimbo na nembo aliyoijenga nje, na miaka miwili baadaye akatwaa ubingwa mkuu huko Philadelphia. Naomi aliondoka mwaka 2022 kwa mzozo wa ubunifu, akawa bingwa kwingine, akarudi Januari 2024. Kampuni hizi hazina kinyongo cha kudumu na mtu anayeuza tiketi.

Hata hivyo lazima nikuambie upande wa pili wa sarafu hiyo. Majina haya tunayajua kwa sababu walifanikiwa. Waliokwenda kutafuta uhuru wakaishia kufanya kazi ya ghala mchana na mieleka usiku hatuwataji, nao ni wengi. Cody alikuwa na miaka karibu kumi ya runinga na baba mwenye jina kubwa. Wewe una kumbi za Uingereza na Ujerumani. Nafasi ya kurudi ipo, lakini inategemea kama miaka miwili ya kampuni changa itakufanya ujulikane kuliko sasa.

Na kampuni changa zina ugonjwa wao. ECW ya Philadelphia, iliyoongozwa na Paul Heyman, ndiyo iliyompa Steve Austin, nyota mkubwa wa baadaye, kipaza sauti mwaka 1995, baada ya WCW kumfukuza akiwa majeruhi, na katika muda huo mfupi akajipata kama mzungumzaji. Kampuni hiyohiyo ilikuja kuchelewesha malipo, na Aprili 2001 ikafilisika ikiwa inadaiwa na wanamieleka wake. Uhuru wa kusema unachotaka haukuwalipia kodi ya nyumba. Kwa hiyo chunguza nani anaifadhili hiyo kampuni yako. AEW ilipoanza mwaka 2019 watu walithubutu kuiamini kwa sababu nyuma yake ilikuwepo familia ya Khan, wamiliki wa klabu ya Fulham, na mkataba wa runinga ukapatikana mwaka huohuo. Yako ina nini? Mkataba wake wa runinga unaisha lini? Ukiisha kabla ya wako, basi wako nao huenda ukaishia hapo, hata kama karatasi inasema vingine. Watafute wanamieleka watatu waliowahi kuifanyia kazi na waliokwisha kuondoka, uwaulize swali moja tu: fedha ziliingia siku iliyoandikwa?

Umeniuliza ufanye nini, na sitajificha nyuma ya "inategemea". Kwa niliyoyasoma, ningeelekea kampuni changa, kwa masharti matatu. La kwanza ni kwamba miaka hiyo miwili iwe imehakikishwa kwa maandishi, pamoja na malipo ukiwa majeruhi. La pili ni kwamba jina na mhusika vibaki vyako, na leso zisiondolewe bila ridhaa yako. La tatu ni la nyumbani: andika kodi ya nyumba, fedha za mama, karo ya mdogo wako, na akiba ya miezi sita, kisha uone kama dola 65,000 baada ya makato, pamoja na mapambano ya kujitegemea ambayo tayari unayapata, zinatosha. Zisipotosha, usiuchague ubunifu. Msanii mwenye deni hukubali pambano akiwa na goti lililovimba, na pambano hilo moja linaweza kumgharimu mengine yote. Katika hali hiyo nenda Florida bila kuona haya, tunza fedha, jifunze kamera na runinga, ambavyo kampuni kubwa hufundisha vizuri sana, na omba mambo mawili kabla ya kusaini: mwaka wa kwanza usiweze kuvunjwa, na kile kiambatisho cha kazi zako za awali. Huenda wakakataa. Kuomba mara chache sana humfanya mtu anyang'anywe mkataba na kampuni inayomtaka.

Ahadi ya mkanda usiiombee hata maandishi. Mkanda ni chombo cha hadithi, na hadithi hubadilika mtu akivunjika mkono Jumanne. Ombea dakika: idadi ya chini ya kuonekana katika runinga kwa mwezi, na haki ya kuzungumza kwa maneno yako. Hilo linaweza kupimwa, na likivunjwa linaweza kudaiwa.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Goti lako lipigwe picha ya MRI na lionwe na daktari wa mifupa asiyelipwa na kampuni yoyote kati ya hizo mbili, kabla ya kusaini, kwa sababu mikataba mingi huruhusu muda wa majeraha kuongezwa mwishoni mwa mkataba, na kampuni inaweza kudai kwamba jeraha lilikuwepo tangu mwanzo. Mikataba yote miwili isomwe na wakili wa burudani anayefanya kazi Marekani, si wakala, na umlipe kwa saa ili asiwe na faida katika uamuzi wako. Uliza pia Equity, chama cha wasanii wa jukwaani cha Uingereza, kama wanaweza kukusaidia. Suala la viza lipeleke kwa wakili wa uhamiaji, na la kodi kwa mhasibu anayezijua nchi zote mbili. Yeyote akikwambia usaini leo la sivyo nafasi imepotea, au akikufungia dakika za runinga mpaka umkubalie jambo la faragha, usijibu peke yako. Mpigie wakili siku hiyohiyo. Na kama usingizi umekukimbia kwa wiki kadhaa kwa sababu ya jambo hili, mwone daktari wako wa Leicester, maana uamuzi wa miaka mitatu haufanywi na mtu asiyelala.

Wiki hii, kabla ya kumjibu yeyote, zitoe leso zote ulizowahi kuingia nazo ulingoni. Zipige picha moja moja, jina lake likisomeka, uandike chini tarehe, ukumbi na mpinzani, uambatanishe na mabango na video zenye tarehe, kisha umtumie wakili pamoja na mikataba yote miwili. Hicho ndicho kitakuwa kiambatisho chako, mkataba wowote utakaousaini.